Kabla hujahukumu, msikilize na yule wa pili

Mtaani kwetu watu wananifuata sana niwasuluhishie mambo yao, sijui kwa kuwa ni katibu wa kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopeshana, au kwa kuwa tu sina haraka ya kuongea, ila nimeshakaa na kesi za kila aina, mume na mke, mwenye nyumba na mpangaji, mashemeji na kiwanja chao, na anayewahi kuja kushtaki kila mara ndo anaonekana ana haki asilimia mia. Analia, ana skrinshoti, yaani ukimsikiliza kidogo tu unatamani umpigie simu huyo mwingine umtukane. Usipige.

Waislamu wanakijua kile kisa cha kwenye Surat Sad, watu wawili waliruka ukuta wakamwingilia Nabii Daudi mihrabuni, chumbani kwake kwa ibada, mmoja akasema ndugu yangu huyu ana kondoo 99, mimi ninaye mmoja, na huyo mmoja naye anamtaka. Daudi akasema hapohapo, amekudhulumu. Halafu akashtuka kwamba ule ulikuwa mtihani, akaomba msamaha, na wapo wafasiri wanaosema kosa lilikuwa kuamua kabla ya kumsikia wa pili. Kwenye Yohana 7 Nikodemo naye anawauliza Mafarisayo wenzake waliotaka Yesu akamatwe, hivi sheria yetu inamhukumu mtu bila kumsikia kwanza? Na Katiba ya Tanzania ibara ya 13(6) nayo imo humohumo, haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu.

Sasa kuna wale ukiwaambia kitu tu, "Msihukumu!" Mara nyingi ni waliobanwa, samahani lakini ndo ukweli. Neno hilo limetoka Mathayo 7, na sura hiyohiyo inasema toa kwanza boriti kwenye jicho lako ndipo uone vizuri kutoa kibanzi cha mwenzio, na mbele kidogo mtawatambua kwa matunda yao. Kupima watu lazima upime, utamkopesha nani bila kupima?

Kwenye kikoba chetu mweka hazina alidaiwa kala laki tatu. Usiku huohuo kwenye grupu la WhatsApp alishakuwa mwizi, wengine wanataka friji lake likachukuliwe. Tukakaa, tukamwambia lete daftari, tukasoma mstari kwa mstari na meseji za miamala pembeni, kumbe rejesho la laki na themanini liliandikwa kwa mwanachama mwingine mwenye jina kama la mlipaji. Ila ile laki na ishirini iliyobaki alikuwa kajikopesha mwenyewe bila kumwambia mtu, na alikubali. Kwa hiyo kosa lake likawa hilo tu, kujikopesha kinyemela, sio wizi wa laki tatu, na faini ikafuata hilo.

Tenganisha kosa na adhabu jamani. Hata mahakamani mtu akishatiwa hatiani anapewa nafasi ya kusema kabla ya adhabu, maana adhabu ndo inaangalia kama ni mara ya kwanza, ana watoto wanamtegemea na kadhalika.

Na uamuzi uandikwe pamoja na sababu zake, sio "tumeamua" basi. Asiyeridhika umwachie mlango. Kama Mahakama ya Mwanzo yenye hakimu aliyesomea inakupa siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya, sembuse sisi wa kikoba? Sisi tunampa mpaka kikao kinachofuata, aje na karatasi zake.