Maswali na Majibu: Pesa za Serikali kwa Vyuo Vinavyoshirikiana

Assalam aleikum mwalimu. Mwanangu yuko chuo kikuu hapa Mombasa. Nasikia serikali ina pesa za vyuo vinavyoshirikiana. Karo itapungua? (Mama, Likoni)

Waaleikum salaam mama. Karo haitaguswa. Pesa za mwanao ni za ufadhili wa masomo na mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu. Hizi unazozisikia ni ruzuku za utafiti, na mfuko wake mkuu ni Mfuko wa Kitaifa wa Utafiti, uliowekwa na sheria ya sayansi ya 2013. Sheria yenyewe ilitaka mfuko upewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Kiasi hicho haujawahi kukipata, na hilo laniuma.

Kwa nini tuvutwe kwa pesa ndipo tushirikiane? Wasomi wazima hatuwezi kuketi pamoja wenyewe? (Mhadhiri, Tudor)

Mwenzangu, tumepangwa tugombanie wanafunzi. Tangu mpango wa 2023, pesa za serikali humfuata mwanafunzi, kwa hivyo chuo chenye wengi ndicho kinachopumua. Jirani ni mshindani. Nani amfungulie mshindani maabara yake?

Niliwahi kuingia maabara moja huku Pwani nikakuta mashine ya kupima madini kwenye maji imefunikwa plastiki, vumbi limelala juu. Fundi aliyeijua alihama, kemikali zilikwisha. Wiki iyo hiyo, upande wa pili wa mji, mwanafunzi wa uzamili alikuwa akichangisha nauli apeleke sampuli zake Nairobi: chupa nane ndani ya kisanduku cha barafu alichoazima kwa muuza samaki. Kutoka kwenye kisanduku kile hadi kwenye mashine ile ni matatu moja tu.

Ndiyo maana naitaka ruzuku yenye masharti makali: hakuna shilingi bila vyuo viwili kutia sahihi, na kifaa kikinunuliwa, wote wakitumie. Hati za makubaliano za kupigia picha tunazo tele, zimejaa madroo. Na kuchangia kunawezekana. KENET, mtandao wa elimu wa Kenya, ilianzishwa 1999 ili vyuo vipate intaneti kwa pamoja, na leo mhadhiri anafungua kompyuta bila hata kukumbuka kwamba laini hiyo ni ya ushirika.

Sisi tunaoteka maji ya chumvi kisimani, wasomi kukaa meza moja kutatufaa nini? (Mzee, Majengo)

Mzee wangu, shikamoo. Kisima chako ndicho hasa kinachohitaji meza hiyo. Kisiwa chetu ni jiwe la matumbawe, lina matundu. Maji matamu yakivutwa kupita kiasi, ya bahari huingia chini kwa chini, na uchafu wa vyoo vya shimo hushuka njia zizo hizo. Ya mfereji nayo hutoka mbali: bomba la Mzima, kule Tsavo, ni zaidi ya kilomita 200.

Sasa, uhandisi wa migodi, wa kujua mawe ya chini, unafundishwa Chuo Kikuu cha Taita Taveta. Wanaojua bahari wako KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, pale Mkomani. Wa afya ya mazingira utawapata Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, hatua chache kutoka kwenu. Kila mmoja akija peke yake atakupimia kipande chake na kuondoka, na wewe utabaki na ndoo yako. Ruzuku ya pamoja ingewaleta siku moja, kisima kimoja, na jibu moja unaloweza kulifanyia kazi.

Sisi ni chuo cha ufundi. Tukiungana na wakubwa hatutamezwa? (Mkufunzi, Kisauni)

Mtamezwa mkiingia bila maandishi. Ulizeni mapema pesa zitaingia akaunti ya nani na mashine italala wapi mradi ukiisha. Mkiambiwa "tutaona baadaye", rudini nyumbani. Na msijidharau: mashine ile yenye vumbi haikukosa profesa, ilikosa fundi.

Naweza kusoma somo moja Kilifi nikiwa nimesajiliwa Mombasa? (Mwanafunzi, Nyali)

Kule Massachusetts, Marekani, vyuo vitano jirani vina ushirika tangu 1965. Mwanafunzi wa kimoja husoma somo katika kingine bila karo ya pili, na mabasi huzunguka kati yao. Kilifi ni kama kilomita 60 tu. Mwandikie mkuu wa idara yako barua, udai jibu la maandishi. Likija, niletee nilichapishe hapa.