Kipimo kilisema ana mimba, ultrasaundi haikuiona

SWALI: Shikamoo mama. Nakuandikia kutoka Tukuyu. Mdogo wangu, mchuma chai, alichelewa siku zake, kisha akaanza kutokwa na matone ya damu nyeusinyeusi, tumbo likimuuma chini kushoto. Zahanati walipima mkojo wakasema ni UTI, wakampa vidonge. Shangazi akasema chango, akamchemshia mizizi. Tukanunua kipimo cha mimba duka la dawa, kikatoa mistari miwili. Ultrasaundi ya juu ya tumbo ikaonesha kizazi kitupu, tukaambiwa huenda mimba imetoka. Kesho yake bega likaanza kumuuma, akaanguka chooni. Alipasuliwa usiku huohuo, mrija mmoja wa uzazi ukatolewa. Ilikuwaje vipimo vyote visione? Na je, atazaa tena?

JIBU: Marahaba mwanangu. Poleni sana, hasa mgonjwa.

Vipimo viliona. Mistari miwili ilisema mimba ipo, na ultrasaundi ikasema kizazini haimo. Alikosekana mtu wa kuyaweka majibu hayo pamoja na kuuliza: basi iko wapi? Mwenye mimba anayeumwa tumbo, na kizazi chake ni kitupu, huchukuliwa kuwa mimba imetunga nje ya kizazi mpaka ithibitike vinginevyo. Kumwambia imetoka na kumrudisha nyumbani bila kumfuatilia ni kosa, na miaka yangu ya ukunga hapa Mbeya inanipa haki ya kulisema wazi.

Zaidi ya asilimia 90 ya mimba za nje hutunga kwenye mrija, nao hauwezi kutanuka kama kizazi. Maumivu huanza mara nyingi kati ya wiki ya 6 na ya 8. Mrija ukipasuka, damu humwagikia tumboni, ndiyo maana pedi ilikuwa na matone tu huku mdogo wako akiishiwa damu. Na lile bega? Damu ikifika juu, chini ya mapafu, huchokoza neva ambayo maumivu yake husikika begani. Wengine hujisikia kubanwa na choo kikubwa, wakaenda kuzimia hukohuko chooni. Tena presha ya binti mwenye nguvu inaweza kusoma vizuri hadi dakika za mwisho. Mimi nilikuwa nashika mapigo na kufunua kope la chini. Mapigo yakienda mbio na kope likawa jeupe, sikusubiri mashine iniambie.

Mgonjwa akiwa bado imara, apigwe ultrasaundi ya ukeni, inayoona vizuri kuliko ya juu ya tumbo. Mimba changa mno huweza isionekane hata ikiwa mahali pake, kwa hiyo hupimwa homoni ya mimba kwenye damu na kurudiwa baada ya saa 48. Ikipanda kwa kusuasua, au ikiganda palepale, kuna tatizo, ingawa zipo mimba za nje ambazo homoni yake hupanda vizuri. Pasipo na mashine, daktari huchoma sindano nyuma ya mlango wa kizazi, kuona kama kuna damu tumboni. Nimeshika bomba la sindano lenye damu nyeusi isiyoganda, na hapo tulikuwa tunasukuma kitanda kwenda chumba cha upasuaji.

Shangazi alitaka kusaidia, simlaumu. Ila kabla ya mizizi, na kabla ya vidonge vya UTI, kila mwanamke wa umri wa kuzaa anayeumwa tumbo la chini apimwe mimba, hata akiapa kwamba siku zake ameziona, hata akiwa na kitanzi. Ni mkojo kidogo na dakika chache. Wasipompima, aombe mwenyewe.

Chanzo mara nyingi ni kovu la maambukizi ya zamani kama klamidia au kisonono, ambayo mwanamke huweza asijue aliwahi kuwa nayo. Wengine hawana sababu yoyote inayoonekana. Asinyooshewe kidole.

Kuzaa anaweza, maana mrija mmoja mzima unatosha. Lakini aliyepata mimba ya nje mara moja ana uwezekano wa takriban asilimia 10 wa kuipata tena. Kwa hiyo siku atakapokosa hedhi, asingoje kuanza kliniki kwa wakati wa kawaida. Apime mimba mara moja, na ifikapo wiki ya 6 apigwe ultrasaundi. Aende na karatasi ya upasuaji inayoonesha mrija uliotolewa ni wa upande gani.