Kulinganisha maneno mawili: acha kujiita, jaza jedwali

Umeuliza kwa nini programu yako ya kupima umbali kati ya maneno mawili (umbali wa Levenshtein: idadi ndogo zaidi ya herufi za kuongeza, kufuta au kubadili ili neno moja liwe lingine) inachukua muda mrefu hivyo. Haijakwama; imeandikwa kwa kujiita, yaani kazi (function) inayojiita yenyewe. Kila wito wa kazi hiyo unazaa miito mitatu, na majibu yaleyale yanakokotolewa upya mara nyingi mno. Ukiyaweka kwenye jedwali, kila swali linajibiwa mara moja tu.

Chukua “meza” na “mwezi”. Herufi 4 na 5, kwa hiyo jedwali la safu mlalo 5 na safu wima 6. Ile nafasi ya ziada ni ya neno tupu. Jaza safu mlalo ya kwanza 0 hadi 5, safu wima ya kwanza 0 hadi 4. Wengi huacha sifuri tupu hapa, kisha wanashangaa umbali kutoka mdogo kuliko inavyostahili.

Kila seli iliyobaki hupewa thamani iliyo ndogo zaidi kati ya hizi: ya juu + 1 (kufuta), ya kushoto + 1 (kuongeza), ya mshazari + 0 herufi zikifanana, au + 1 zikitofautiana. Angalia faharasa (namba za nafasi): seli ya i inasoma herufi ya i − 1, kwa kuwa herufi huhesabiwa kuanzia 0.

Pembe ya chini kulia utapata 2: ongeza w, badili a iwe i. Ufanano ni 1 − 2/5, yaani 0.6. Gawanya kwa urefu wa neno refu, na shughulikia kando maneno mawili matupu, la sivyo utagawanya kwa sifuri.

Herufi jirani zilizopishana zitahesabiwa 2. Kwa makosa ya uchapaji ningetumia toleo la Damerau, ambalo huhesabu kupishana huko kuwa 1.