Kodi ya bia na bili ya wodini

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini tulalamikie pombe ilhali kodi ya bia inaingia hazina kila mwezi. Kodi huonekana kwa sababu ina stakabadhi, hasara haina. Hapa Moshi, kijana wa bodaboda akianguka usiku akitoka baa, huvunjika mguu, hulala wodini wiki kadhaa, marejesho ya pikipiki ya mkopo husimama, na mama yake huuza mbuzi ili alipie vyuma vya kuunga mfupa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo milioni 2.6 vilivyotokana na pombe mwaka 2019. Serikali ya Tanzania yenyewe ilipiga marufuku viroba, yaani pombe kali ya vifuko vya plastiki, Machi 2017, ingawa navyo vilitozwa kodi.