Maswali ya Wasomaji: Zawadi za City Market, Kipindue Kabla ya Kuuliza Bei

SWALI: Mhariri, Desemba nakwenda Ujerumani kumwona binti yangu na wakwe zake. Nataka kununua zawadi pale City Market, Nairobi, vitu vya ajabuajabu visivyo kila mahali. Safari iliyopita nilipeleka tembo wa mti, akapasuka mgongo kabla ya Pasaka. Ninunue nini, na nitajuaje kama nauziwa kitu kizima? – Mama Neema, Nakuru

JIBU: Tembo wako, Mama Neema, bila shaka alichongwa mti ukiwa bado mbichi. Vinyago vingi vya bei nafuu ni vya jakaranda, mti laini unaochongeka upesi, na fundi mwenye haraka hangoji ukauke. Huko Ulaya wakati wa baridi nyumba hupashwa joto na hewa ya ndani huwa kavu sana. Nje ya kinyago hukauka na kusinyaa ilhali ndani bado kuna maji, basi kinapasuka.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, kipindue. Kwenye kitako, mahali ambapo fundi hahangaiki sana na urembo, tafuta nyufa zinazotoka katikati kama miale. Mara nyingi huzibwa kwa nta iliyochanganywa na kiwi ya viatu. Bonyeza kwa ukucha: nta itabonyea, mti hautabonyea. Kinyago kizito kuliko umbo lake, tena cha baridi mkononi, kina maji. Ukiona vitundu vidogo vinavyomwaga unga mweupe, kirudishe mezani, wadudu bado wamo.

Mpingo ni mzito kwa asili, na ule halisi huzama majini, lakini hakuna muuzaji atakayekuletea ndoo. Chukua tishu nyeupe, ilowanishe kidogo, sugua mahali pasipoonekana. Tishu ikitoka nyeusi, mti huo umepakwa rangi.

Soko lenyewe lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1930: ukumbi mrefu wenye matao ya zege na madirisha yaliyopangwa juu kabisa. Mwanga unatoka huko juu, na katikati ya vibanda vilivyojaa vitu rangi hudanganya. Omba ukitoe kitu kwenye njia ya katikati, ukitazame hapo. Halafu panda ghorofani. Wageni wengi huishia chini.

Ukitaka vya ajabuajabu, pita vibanda vyenye twiga arobaini waliofanana. Tafuta mwenye koleo, waya na msasa mezani, na kitu ambacho hajakimaliza. Huyo anatengeneza mwenyewe, na ukimwagiza kitu ataelewa. Utapata wanyama wa waya na shanga, wanyama waliochongwa kutokana na ndara kuukuu zilizookotwa ufukweni, bangili za mfupa wa ng'ombe zenye michoro ya batiki. Ni vyepesi, havivunjiki ovyo, na ndara haina dumuzi. Kwa wakwe, mimi ningewapa hivyo kabla ya tembo mwingine.

Kiondo nacho kitazame ndani. Kiinue kwenye mwanga uone kama kitovu cha chini, pale ususi ulipoanzia, kina tundu. Sugua mstari mwekundu kwa ile tishu yenye maji. Mkonge uliotiwa rangi vibaya utachafua nguo kwenye sanduku. Vuta mikanda ya ngozi kwa nguvu kidogo. Ukishika uzi laini unaoteleza, huo si mkonge mtupu.

Bei: vijana wanaokupokea mlangoni na kukuongoza mpaka kwa "ndugu yao" wanalipwa, na malipo yao yamo ndani ya bei yako. Ingia peke yako, kama saa tatu asubuhi, muuzaji akiwa bado anamwomba mteja wa kwanza amfungulie. Chagua vitu vitatu au vinne kwa mtu mmoja, uliza jumla, kisha ndipo uombe bei ya mwisho. Ukilipa kwa M-Pesa, soma jina linalotokea kabla ya kukamilisha malipo.

SWALI: Twiga wangu wa jiwe la Kisii amevunjika shingo safarini. Anaungika? – Otieno, Kisumu

JIBU: Anaungika, ila supagluu itaachia. Vinyago hivi hung'arishwa kwa nta, na gundi haishiki juu ya nta wala juu ya vumbi la jiwe. Futa sehemu zote mbili kwa tapentaini, osha kwa sabuni na maji, acha zikauke siku nzima. Tumia gundi ya epoksi, ile ya mirija miwili, tabaka jembamba. Mlaze twiga ndani ya bakuli la mchele ili shingo ikae sawa, umwache saa 24. Malizia kwa msasa wa maji namba 400, kisha 600, halafu nta.

Safari nyingine, jaza kwanza karatasi zilizokunjwa katikati ya miguu na chini ya kidevu, ndipo umviringishe leso. Wengi huanza kwa kumkaza kitambaa, na mkazo huo ndio unaovunja shingo. Mweke katikati ya sanduku, nguo pande zote, kila kipande peke yake.

SWALI: Je, mpingo, mifupa na makombe ya baharini vinapita uwanja wa ndege? – Abdalla, Mombasa

JIBU: Mpingo uko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 2017, lakini vitu vilivyokamilika visivyozidi kilo 10 za mti huo kwa mzigo mmoja havihitaji kibali chake. Mfupa wa ng'ombe unaruhusiwa kutoka. Hata hivyo afisa anaweza kuushuku kuwa pembe ya ndovu. Mwonyeshe vidoa na vistari vidogo vyeusi, alama za mishipa, ambavyo pembe haina. Pembe ina mistari inayokatana. Makombe na magamba ya kasa yaache, na rungu au mkuki weka kwenye mzigo wa kukabidhi, si wa mkononi. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, kwa hiyo mwambie muuzaji akufungie kwa gazeti.