Poti ya siriali ikiwa kimya, anza na waya

Mwanzoni mwa kazi yangu nilishinda mchana mzima kwenye ghala la nafaka nikihangaika na mizani. Ilikuwa inapeleka uzito wa kila gunia kwenye kompyuta ya Linux kupitia poti ya siriali, yaani tundu linalopitisha data biti moja baada ya nyingine, na asubuhi hiyo ikanyamaza. Nilibadilisha kasi ya poti, nikafuta programu na kuisakinisha upya, nikazima na kuwasha mashine, nikarudi tena kwenye kasi. Nje magunia yanapangana, msimamizi kila mara yuko mlangoni. Saa kumi jioni ndipo nilipochomoa kebo upande wa mizani, nikanyoosha kibanio cha karatasi na kukichomeka kwenye matundu ya 2 na 3. Dakika haikuisha nikawa nimejua: kebo ilikuwa imekatikia ndani, pale ilipokanyagwa na mguu wa meza.

Wewe unayeanza kazi hii, kijue kipimo hicho cha kibanio kuliko unavyoijua programu yoyote. Nitakifikia, ila kwanza mashine yenyewe iwe inaiona poti.

Chomeka adapta ya USB kwenda siriali, kisha andika `dmesg | grep tty`, amri inayoonyesha ujumbe wa mfumo kuhusu poti. Adapta nyingi za USB hujitokeza kama ttyUSB0; vifaa kama Arduino Uno huja kama ttyACM0; poti iliyo kwenye ubao wa kompyuta ni ttyS0. Usidanganyike na kuona ttyS0 hadi ttyS3 ndani ya /dev, maana majina hayo yanaweza kuwepo bila chipu yoyote nyuma yake. Soma /proc/tty/driver/serial ukiwa root, yaani msimamizi mkuu wa mashine: palipoandikwa `uart:unknown` hapana kitu, palipoandikwa `uart:16550A` pana poti ya kweli. Mstari huohuo unahesabu herufi zilizotoka na zilizoingia, tx na rx. Ukiona tx inapanda na rx imeganda kwenye sifuri, unajua upande gani wa kuutazama.

Ukikataliwa ruhusa, jiingize kwenye kundi linalomiliki poti: Debian na Ubuntu ni dialout, Arch ni uucp. Amri ni `usermod -aG dialout` na jina lako, halafu utoke na kuingia upya, la sivyo haitabadilika kitu. Hiyo herufi `a` usiisahau hata siku moja. Bila hiyo unaondolewa kwenye makundi yako mengine yote, pamoja na lile la sudo linalokupa mamlaka ya msimamizi, na kama mashine iko mbali umejifungia nje.

Wakati mwingine poti ipo lakini kuna programu nyingine imeikalia. `fuser -v /dev/ttyUSB0` itakutajia. Kwenye Ubuntu 22.04 adapta zenye chipu ya CH340 zimewasumbua wengi: ttyUSB0 inatokea, sekunde chache baadaye inatoweka, na dmesg inaitaja brltty. Hiyo ni programu ya vifaa vya Braille, na imeidhania adapta yako kuwa kimojawapo. Kuiondoa kunamaliza tatizo, lakini uliza kwanza kama mashine hiyo ina mtumiaji asiyeona. Kwake yeye programu hiyo ndiyo kioo cha kompyuta.

Sasa kipimo. Fungua `screen /dev/ttyUSB0 9600`, programu ya kuongea na poti kwa kasi ya 9600, bila kuunganisha kifaa chochote. Ukiandika, hakuna herufi itakayoonekana, na ndivyo inavyotakiwa. Mulika kiunganishi kwa tochi ya simu. Namba za pini zimechorwa ndogo sana pembeni. Kwenye kiunganishi cha dume chenye pini tisa, safu ya pini tano ikiwa juu, hesabu moja hadi tano kutoka kushoto. Gusisha ya 2 na ya 3, yaani ya kupokea na ya kutuma, kwa ncha ya bisibisi ndogo, kisha andika. Herufi zikirudi, poti, draiva na ruhusa vyote ni vizima. Ondoa bisibisi, zisirudi. Hatua hii ya pili wengi huiruka, kumbe ndiyo inayothibitisha kwamba ulichokiona kilipita kwenye waya kweli.

Halafu sogea. Unganisha kebo, nenda mwisho wake, gusisha 2 na 3 huko. Herufi zikirudi, waya za data ni nzima. Zisiporudi, tatizo liko kwenye kebo na huna sababu ya kugusa programu. Kipimo hiki hakijali kama kebo ni ya moja kwa moja au ya kupishanisha, ile inayounganisha pini 2 ya upande mmoja na 3 ya upande wa pili, kwa hiyo swali hilo lijibu kwa multimita. Weka waya mweusi kwenye pini 5, mwekundu kwenye 3. Poti ya RS-232, kiwango cha umeme cha poti hizi za pini tisa, ikiwa imetulia hutoa volti hasi kwenye waya wake wa kutuma, mara nyingi kati ya -5 na -12. Pima poti ya kompyuta, kisha pima kifaa. Vyote vikitoa hasi kwenye pini 3, vyote vinasema kwenye waya mmoja na hakuna anayesikiliza: tafuta kebo ya kupishanisha. Na ukikuta volti chanya 3.3 au 5, hiyo si RS-232. Usiichomeke kwenye RS-232, utaichoma chipu.

Ukianza kupata herufi za ovyo, furahi, maana waya unafanya kazi na kilichobaki ni kasi. Konsoli za Cisco, yaani poti za kusimamia ruta na swichi zake, kwa kawaida ni 9600. Vibao vingi vidogo vya Linux ni 115200. Badilisha kasi peke yake, ujaribu, ndipo uguse kingine. Ukibadilisha vitu viwili kwa mpigo, hata ukipona hujui dawa ilikuwa ipi.

Kuna hali moja inayowachanganya sana wapya: ruta inaonyesha ujumbe wake wote inapowaka, ila wewe ukiandika, haipokei hata herufi moja. Unaweza kudhani waya wa kutuma umekatika. Kabla hujaukata na kuuunga, fungua minicom, programu nyingine ya kuongea na poti, bonyeza Ctrl-A kisha O, ingia kwenye mpangilio wa poti, na ubonyeze F kuzima udhibiti wa mtiririko wa vifaa (Hardware Flow Control), unaoifanya kompyuta isubiri ruhusa ya kifaa kupitia waya. Minicom mara nyingi huja ukiwa umewashwa, na kompyuta inangoja ishara kwenye pini 8 kabla ya kutuma. Kebo nyingi za konsoli hazina waya huo kabisa. Itangoja mpaka usiku.