Mtoto mwenye tundu la moyo akiacha kukohoa, usishangilie kwanza

Juzi kaniandikia dada mmoja wa Newala. Mwanawe ana tundu la moyo, rufaa ya Dar anayo tangu mwaka jana, hajaenda. Sasa anasema mtoto kanawiri, kifua kimetulia, hatoki jasho akinyonya kama zamani. "Dada, naona Mungu kamponya. Dar niende kufanya nini tena?"

Nenda, mdogo wangu. Tena wiki hii hii.

Haya nimeyapitia. Binti yangu miezi yake ya mwanzo hapa Mtwara ilikuwa nimonia, sindano, nimonia tena. Kuna mahali niliambiwa mimi ndiye sijui kunyonyesha, mbele za watu. Siwataji, ila bado inanichoma. Daktari mwingine alimwekea kifaa kifuani, akasikiliza muda mrefu kimya, akaandika rufaa.

Safari ya basi naiacha, mtu wa Kusini haelezwi. Pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete eko, kile kipimo cha kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti, ilionyesha tundu kati ya vyumba viwili vya chini. Nikajua kinachofuata ni upasuaji. Wakasema bado, kwanza tujue mishipa ya mapafu imeharibika kiasi gani.

Iko hivi. Upande wa kushoto wa moyo unasukuma damu kwa nguvu kubwa. Pakiwa na tundu, damu nyingine inavuka kulia na kufurika mapafuni. Vile vimishipa vidogo vimezoea presha ndogo, kwa hiyo kuta zake zinanenepa na njia inakuwa finyu. Damu inayofika mapafuni ikipungua, mtoto anaonekana mzima! Kikohozi kinakwisha, uzito unapanda. Baadaye damu inageuza mwelekeo, isiyo na oksijeni inapita tunduni kwenda mwilini, midomo na kucha zinakuwa za buluu. Wanaita Eisenmenger. Hapo tundu halizibwi tena, maana ndilo pumuo la moyo wa kulia.

Wanachofanya ni kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni, wapime presha na oksijeni, kisha wapige hesabu ya ukinzani wa mishipa kulingana na ukubwa wa mwili. Chini ya uniti 4 kwa kawaida upasuaji unaendelea. Ukipita 8, mara nyingi hawagusi. Hapo katikati ndipo wanapokaa kikao, na huwa wanampa mtoto oksijeni, pengine na gesi ya naitriki oksaidi, waone kama mishipa inalegea. Wa kwangu alikutwa chini ya 4, akafanyiwa upasuaji, na leo anakimbia na wenzake ufukweni Mikindani. Waliosema nahangaika bure wanamwona.

Kichanga chenye dalili za wazi pengine hahitaji mrija, eko inatosha. Ila mwenye mtoto wa Down, ile hali ya kuzaliwa nayo (Down syndrome), asingoje kabisa, wao mishipa huharibika mapema.

Kina mama wenzangu, korosho zikiuzwa tunapata hela za unyago na sare za harusi, za nauli ya mtoto tunasema hadi mnada ujao. Mishipa haingoji mnada.

Wewe wa Newala, anzia Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa hapa Mtwara. Waombe wamwekee kidoleni kile kifaa cha kupima oksijeni, na ile karatasi ya eko ya mwaka jana usiiache nyumbani, wataihitaji kulinganisha.